Jina Langu Kwenye Karatasi ya Nota

Nimekuwa mwalimu wa kwaya kwa miaka ishirini na mitatu, na katika miaka yote hiyo watu wamenisifu kwa wimbo mmoja tu. Si kwamba nyingine ni mbaya. Nimetunga za Krismasi, za Pasaka, za harusi, hata moja ya kumuaga mchungaji aliyekuwa haagiki. Lakini ukimuuliza Mswahili yeyote wa Stockholm habari zangu atakwambia, yule wa ule wimbo wa msiba. Watanzania wanauimba, Wakongo na Warundi wanauimba, Wakenya wameupeleka kwao, na nimeambiwa kuna kwaya Göteborg inauimba kila anapozikwa mtu. Wimbo wenyewe si wangu. Maneno ni yangu, tuni si yangu. Nalisema hili mapema ili nisipate nafasi ya kulizungusha, maana kulizungusha ndiyo kazi niliyoifanya muda wote huo, na niliifanya vizuri.

Tuni ilitoka kwenye santuri ya kwanza ya Waingereza wawili, mwanamke mwenye sauti nzito na mwanamume wa vinanda vya umeme, waliovuma miaka ya themanini kisha wakaachana kabla watu hawajawazoea. Upande wa pili kuna wimbo wa polepole, na humo ndimo nilimochukua. Sikuchukua kidogo. Nilichukua besi, nikachukua na sauti ya juu, na pale katikati ambapo kinanda kinabaki peke yake kwa muda, hapo pia nilichukua.

Niliijua santuri hiyo kupitia rafiki yangu. Tulikuja Sweden pamoja, vijana wawili wa mafunzo ya umeme, mimi nikiwa na miaka ishirini na miwili na yeye ishirini na mitatu, na kwa mwaka mmoja huo alijifanya kaka yangu mpaka mwisho. Tuliwekwa bweni moja na vijana wa Kiswidi waliokuwa wamegawanyika makundi mawili. Kulikuwa na wale wa nywele ndefu na magitaa ya kelele, na wale wa makoti meusi walionyoa pembeni, waliosikiliza muziki wa mitambo. Jikoni walikuuliza uko upande gani kabla hawajakuuliza jina. Rafiki yangu alichagua mitambo kwa sababu watu wa magitaa walikuwa wanakunywa maziwa yetu. Ndivyo tulivyofika duka la mitumba Södermalm siku moja ya mvua, tukachangiana, tukarudi na santuri yetu ya kwanza Ulaya.

Mara ya kwanza kuisikia nilicheka. Mimi nimetoka kwenye nchi ambayo bendi ni watu kumi na wawili, wana tarumbeta, magitaa matatu, na mmoja ambaye kazi yake ni kucheza tu mbele. Nikamuuliza, "Bendi ya watu wawili? Wengine wamekwenda wapi?" Akanijibu kwamba wengine wako ndani ya mtambo, na mtambo haulewi wala hauchelewi. Kisha yule mwanamke akaanza kuimba nami nikanyamaza. Aliimba kama wale mama wa kwetu wanaoanzisha nyimbo kanisani bila kutazama kitabu, sauti inatoka tumboni, na chini yake mtambo unadonoa tu, tik, tik, hauna habari na huzuni yake. Sikuwahi kusikia huzuni na mashine vikikaa nyumba moja bila kugombana. Hata sasa sijui waliwezaje.

Tuliisikiliza mpaka tukaijua yote. Zamu yetu ya kufua ilikuwa Jumamosi asubuhi, tukawa tunashuka na gramafoni mpaka chumba cha kufulia, yeye akipiga besi kwa kidole kimoja kwenye kinanda kidogo alichoazima, mimi nikiimba sehemu ya yule mama kwa Kiingereza cha kubahatisha. Juzi juzi kijana mmoja kazini, Mswidi, aliniambia wakati wa chakula kwamba nusu ya muziki anaouchezea ulianzia kwenye santuri hiyo, kwamba bila hao wawili kusingekuwa na hawa na wale. Nilitikisa kichwa na kuendelea na viazi vyangu. Ningekuwa mtu mwingine ningemwambia jinsi tulivyoicheza kati ya mashine za kufulia.

Maisha yalikwenda yalivyokwenda. Rafiki yangu alioa Mswidi, wakapata binti, wakaachana kwa amani, mama akahamia kaskazini na binti akakua akija kwa baba yake kila wiki ya pili. Mimi nilioa mtu wa nyumbani na nikaokoka, kwa mpangilio huo. Wote wawili tuliishia uwanja wa ndege wa Arlanda, yeye upande wa taa za njia ya ndege, mimi chini kwenye mikanda ya mizigo. Yeye akakaa Märsta, mimi Upplands Väsby. Jumapili mchana tulikutana kwenye kanisa tunaloazimwa na Waswidi pale Spånga, wao wakishamaliza ibada yao na kahawa yao. Yeye aliimba sauti ya tenori. Mimi nilikuwa Mwalimu.

Ninaomba neno hilo lieleweke. Juma zima mimi ni mtu wa chini ya uwanja, mwenye fulana ya kung'aa, anayeitwa mkanda unapokwama na sanduku la mtu. Hakuna anayenijua jina. Jumapili saa nane nikipanda ngazi za kanisa, watoto wananipisha, akina mama wananiamkia, na kila mmoja, Mtanzania, Mkongo, Mkenya, Mrundi, ananiita Mwalimu. Nilihitaji kitu cha kuustahili mwito huo. Hiyo si sababu ya kutosha, ila ndiyo niliyokuwa nayo.

Siku moja alifariki mama mmoja Mrundi, mwenye watoto wadogo, aliyependwa sana pale kanisani. Hapa kuzika ni wiki tatu, nne, mpaka zamu ya kanisa na makaburi ipatikane. Dada yake aliomba kwaya iimbe wimbo mpya, wa dada yake peke yake. Nikasema bila wasiwasi kwamba utapatikana. Nilikuwa na wiki tatu na sikuandika hata mstari mmoja. Zikiwa zimebaki siku tatu nilitoka kazini nikaenda kanisani, nikakaa kwenye kinanda, nikaweka mikono. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe.

Ningependa kusema sikujua. Watu wengi huchukua tuni bila kujua, na hao wasamehewe. Mimi nilijua nilipofika nota ya tano. Nilijua na nikaendelea, nikaipunguza mwendo zaidi, nikaigeuza mtindo wa sauti nne, nikaiandika kwa solfa kama tulivyofundishwa nyumbani, do re mi kwa herufi ndogo, vistari vya wima vimenyooka kwa rula. Maneno yalikuja kwa muda mfupi kuliko kunywa chai. Nililia nikiyaandika. Machozi yalikuwa ya kweli, na yalinisadikisha kwamba wimbo ni wangu.

Kwenye karatasi ya nota, juu kona ya kulia, ndipo jina la mtunzi linapokaa. Nilipaacha wazi. Siku ya mazoezi katibu wetu wa kwaya, dada wa Kikenya asiyependa karatasi yenye nafasi tupu, alikuja nayo akiwa na kalamu kabla hajaipeleka kwenye mashine ya nakala.

"Mwalimu, na hapa? Composer tuandike nani?"

Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa. Nikakiinua nikanywa.

"Wacha humility, Mwalimu," akasema huku akicheka, na akaandika jina langu, herufi kubwa, akapiga na mstari chini yake. Kikombe kilikuwa hakina kitu ndani, kimekauka.

Rafiki yangu aliitambua kwenye mazoezi hayo hayo. Nilimwona safu ya tenori, akiinua kichwa kutoka kwenye karatasi na kunitazama, uso umechangamka kama mtu aliyekutana na wa kijijini kwake kwenye foleni ya ugenini. Aliimba kwa nguvu kuliko wote. Alidhani ni kitu chetu, kwamba nimeuleta ujana wetu kanisani kwa ujanja. Kwenye treni ya kurudi kaskazini akanipiga bega.

"Bwana wewe, umeutoa mbali."

"Ulinijia tu," nikasema.

"Najua ulikujia. Sasa waambie. Watafurahi, watataka kusikia na ule wenyewe."

"Nitawaambia Jumapili."

Jumapili hiyo hakuna aliyeniachia nafasi, au niseme ukweli, sikuitafuta. Kwenye maziko kanisa zima lilikuwa limelia. Mume wa marehemu alinishika mikono miwili, akanishukuru kwa Kirundi, neno baada ya neno, nami sikielewi Kirundi lakini nilielewa. Ningemwambiaje mtu huyo habari za Waingereza? Ndivyo nilivyojiuliza, na swali hilo lilinifaa kwa miaka mingi.

Baada ya kila msiba rafiki yangu alinisogelea na kuniuliza neno moja tu. "Bado?" Nami nilijibu bado. Hakuuliza kwa ukali. Hakumwambia mtu, hata siku zile mimi na yeye tulipokorofishana mambo mengine. Baada ya miaka kama saba hivi akaacha kuuliza, na mimi, Mungu anisamehe, nikashukuru. Nikajiambia amesahau.

Alifariki mwaka huu mwanzoni, moyo, akiwa hospitali siku mbili tu. Binti yake, ambaye sasa ni mtu mzima, mwalimu wa chekechea, alinipigia simu na kunieleza kwa Kiswidi, lugha ambayo yeye na baba yake waliitumia wakati wote, baba akisema Kiswahili na mtoto akijibu Kiswidi. Neno moja tu alilisema Kiswahili, lile la kuniita. Baba mdogo. Akaniomba niende nyumbani kwa baba yake Märsta nikachukue suti ya kumvalisha, kwa kuwa yeye hakuweza kuingia mle ndani siku hiyo. Nikapita kwake, akanipa ufunguo.

Kesho yake watu wangeanza kukaa msiba. Hata huku hatujaacha. Makochi yanasukumwa ukutani, chupa za chai zinapangwa, watu wanakuja kutoka kila upande wa mji na kukaa, leo na kesho na keshokutwa, na mtu aliyekaa msibani hana kazi ya macho. Anasoma migongo ya vitabu. Anatazama picha moja moja. Niliingia, nikavua viatu, nikachukua suti kabatini na shati na tai. Nilipogeuka nikaiona santuri yetu kwenye rafu ya sebuleni, imesimamishwa mbele ya nyingine zote, jalada likitazama nje. Ni jalada la ajabu, lina sanamu za dukani za kuvalishia nguo zilizokatwa kiunoni, zimekaa mezani. Nikaitia kwenye mfuko chini ya suti.

Nilijiambia ninamsitiri marehemu. Ni neno zuri hilo, na ni wajibu kweli, wa mwisho kutoka chumbani anaondoa kile ambacho hakifai kuonwa na wageni. Nilijiambia wazee wa kanisa wataona sanamu zile na kusema ni mambo ya shetani. Lakini kama nilikuwa namsitiri yeye, mbona niliacha santuri za rumba zenye wanawake wa vimini? Mbona niliacha chupa ya konyaki juu ya kabati la vyombo? Vyote hivyo niliviona nikaviacha. Nilichukua kitu kimoja tu ndani ya nyumba ile, na kitu hicho hakikumwaibisha yeye.

Tukamzika. Tukauimba wimbo. Niliongoza kwa mikono yangu hii miwili mbele ya jeneza la mtu pekee aliyejua, na katikati ya ubeti wa pili nikajikuta ninafikiri kwamba sasa hakuna tena anayejua. Sikulifukuza wazo hilo upesi kama ilivyopaswa. Nililiacha likae kidogo.

Siku chache baadaye binti akapiga simu tena. Tungefanya ibada ya arobaini kwenye ukumbi wa kanisa, naye alitaka kuweka santuri ya baba yake mezani karibu na picha. Alisema santuri ile, kana kwamba ipo moja tu duniani. Haioni. Je, mimi nimeiona?

"Sijaiona, mwanangu," nikasema. "Labda alimwazima mtu."

Akasema ni ajabu, baba yake hakuwahi kumwazima mtu santuri hiyo. Nyumba ilitakiwa kurudishwa kwa kampuni ya kupangisha mwisho wa mwezi, ikiwa imesafishwa mpaka ndani ya jiko, na akaniomba nije Jumamosi tusafishe pamoja na tuitafute.

Nikaenda. Ningeweza kusema naumwa, lakini nilikwenda. Tulitafuta kwa saa mbili. Yeye alipiga magoti na kutazama chini ya kitanda, nyuma ya redio, kisha tukashuka stoo ya chini tukafungua maboksi ya nguo za baridi. Mimi nilifungua makabati niliyojua yana mashuka. Nilisogeza friji. Santuri haikai nyuma ya friji, lakini nilitaka anione nikitoka jasho. Nilipoisukuma kurudi mahali pake niliona magoti ya suruali yake yamekuwa meupe kwa vumbi, na nikasikia haya usoni kabisa, joto, kama mtu aliyefunguliwa mlango bafuni. Nikaendelea kusugua jiko.

Tulipokuwa tunakunywa kahawa sakafuni, maana viti vilikwisha kuondoka, alinisimulia kwamba kila Jumamosi alipokuwa kwa baba yake, walisafisha nyumba na santuri hiyo ikizunguka. Yeye akipangusa meza, baba akipiga besi kwa kidole kwenye mpini wa ufagio. Alisema ndiyo nyumba yake ya utotoni, ile sauti, zaidi ya kuta. Alisema kwa Kiswidi, polepole, akitazama kikombe. Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili peke yetu, mchana mweupe, hakuna mzee wa kanisa wala katibu. Ningesema, mwanangu, iko kwangu, nyuma ya matairi ya baridi kwenye stoo yangu Väsby, na sababu ni hii. Nilichosema ni kwamba Mungu akipenda itaonekana.

Unaweza kuuliza kwa nini. Nimejiuliza mimi pia. Nilichoogopa ni kwamba santuri ikikaa mezani, kijana mmoja aliyechoka na hotuba ataitazama, atatoa simu, ataandika majina yaliyo kwenye jalada, na ndani ya dakika moja atausikia. Basi nikaficha jalada. Mimi, mtu niliyesomea umeme, nilificha kipande cha plastiki nikidhani wimbo unakaa humo. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba binti wa miaka thelathini na ushee hahitaji gramafoni ili kumsikia baba yake.

Siku ya arobaini ukumbi ulijaa. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua la machipuko limeingia kwenye madirisha yote, na akina mama wameshapanga sufuria za pilau na sombe, kisamvu cha Wakongo, kwenye meza ndefu. Kwaya ilikaa mbele, upande wa kulia, mimi mwisho wa safu. Mchungaji alisema yake, kisha binti akasimama. Alizungumza Kiswidi na katibu wa kwaya alisimama pembeni yake akitafsiri. Alisema baba yake hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa hiyo naye hatasema mengi. Alisema alitaka kuleta kitu ambacho baba yake alikipenda lakini yeye binti hakukipata, kwa hiyo ataleta kile kilichokuwa ndani yake. Akachomeka simu yake kwenye spika za ukumbi.

Mlio wa kwanza tu ulipotoka nilijua. Besi ikaanza, tik, tik, polepole, na nikatazama viatu vyangu.

Kwaya yangu ikasimama. Sikuwaambia wasimame. Walisikia besi yao, waliyoiimba kwenye misiba zaidi ya walivyoweza kukumbuka, wakadhani Mwalimu ametengeneza muziki wa kuwasindikiza, kitu cha kumheshimu rafiki yake. Soprano mmoja akanitazama akitabasamu, kana kwamba anasema, ungetuambia. Wakaingia mahali pao sawasawa, sauti nne, na maneno yangu. Ukumbi ukaanza kuimba nao. Watu wa nyuma wakasimama na vikombe mkononi. Kwa nusu dakika hivi, na hilo ni la kweli, lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyowahi kusikia, watu wale wote wakiimba juu ya mtambo ule.

Kisha yule mwanamke akaingia na Kiingereza chake.

Soprano walinyamaza kwanza. Halafu alto, mmoja mmoja, wakitazamana. Tenori wakafuata, na kwenye safu yao kulikuwa na kiti kimoja kitupu. Besi waliendelea peke yao kwa mistari miwili zaidi kwa kuwa besi huwa hawasikilizi wenzao. Baada ya hapo ilibaki sauti yake tu, nzito, ikiimba tuni yangu nota kwa nota, na watu mia moja wamesimama wanaisikiliza. Sikuweza kuinua kichwa. Nilihesabu matundu ya kamba kwenye viatu. Wimbo ule ni mrefu kuliko nilivyoukumbuka.

Ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi wala kukaa. Niliwaza, sasa. Niliwaza hata maneno ya kwanza, nikayaweka tayari mdomoni, na nakiri kulikuwa na nafuu fulani ndani yangu, ya mtu anayeshushiwa mzigo. Ndipo mama mmoja wa Bukavu, mkubwa wa akina mama wa kwaya yetu, mtu mwenye huruma kuliko wote ninaowajua, akaja mpaka nilipokaa, akaniwekea mkono begani.

"Mwalimu," akasema, na ukumbi mzima ukasikia, "vraiment, hawa bazungu balikuibia wimbo yako. Pole sana, baba."

Ukumbi ukaguna kwa uchungu. Pole, Mwalimu, wakasema hapa na pale. Mtu akasema ndivyo wanavyofanya, wanachukua kila kitu chetu. Mwingine akasema kuna mashirika ya kushughulikia haki za watunzi, twende Jumatatu, yeye atanisindikiza. Katibu wa kwaya alikuwa ameshatoa simu, anatafuta jina la mwizi. Walikasirika kwa niaba yangu, watu wazima wenye kazi na matatizo yao, wamevimba shingo kwa ajili yangu. Nami nikasimama. Wakanyamaza wapate kunisikia. Yale maneno yalikuwa bado yapo mdomoni.

"Tuwasamehe," nikasema.

Amina, wakasema wote, na mchungaji akasema hilo ndilo fundisho la leo, tusiongeze kitu. Katibu akairudisha simu kwenye pochi. Watu wakaanza kupanga mstari wa chakula.

Nilijipanga nami, kwa kuwa kutojipanga kungeonekana. Binti alikuwa upande wa pili wa meza, anagawa pilau kwa akina mama wazee. Alinipakulia, akaongeza nyama, akaweka kachumbari pembeni kama baba yake alivyopenda kula. Nilitaka kumwambia jambo lakini kulikuwa na watu nyuma yangu. Akanikabidhi sahani kwa mikono miwili, kwa adabu ya nyumbani ambayo sikujua kama aliwahi kufundishwa, akanitazama machoni. Kisha akasema kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kutafuta, kila neno likija peke yake, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Baba mdogo, santuri... unaweza kukaa nayo."

Nikapokea sahani. Nikamwambia asante.